Kuogopa Maji Kando ya Ziwa

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Kitendaguro, juu ya mji wa Bukoba, kwa mama mmoja mjane, Mlutheri, aliyefuga kuku nyuma ya jiko. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, nilichota maji ndooni kwa kikombe cha bati, nikakaa kwenye ngazi ya mlango na kukitazama kile kikombe. Sikuwa na kiu. Nilikuwa nalipima koo langu. Nilikiinua taratibu, nikasubiri kuona kama shingo itakaza, kisha nikameza funda moja. Yakipita, nilijua nimepewa siku nyingine. Chini, ng'ambo ya migomba na mabati ya mji, ziwa lilikuwa limetanda jeupe mpaka linapokutana na mbingu, na mimi, mtu mzima niliyewahi kuvuka ziwa hilo kwenye mitumbwi mibovu, nilishukuru kwamba naweza kulitazama bila kutetemeka.

Mwenye nyumba aliniona. Alidhani nasali.

"Dhehebu gani hilo la kikombe?" aliniuliza siku moja, akiwatupia kuku pumba.

"La walioumwa na mbwa, mama."

"Aa. Sadaka yenu ni sindano." Akaendelea na kuku wake. Baada ya muda akaongeza, bila kunitazama, "Kunywa yote. Ukinywa nusu unanitia wasiwasi."

Niliacha shule darasa la sita. Sikufukuzwa, wala ada haikunishinda. Nilitoka tu siku moja nikapanda lori la ndizi kwenda kuona linakoishia, na tangu hapo sijaweza kukaa mahali muda mrefu. Nimebeba mikungu Nshamba, nimeanika kahawa, nimelima mashamba ya watu Kimwani, nimekausha dagaa kwenye visiwa vya Muleba. Lakini maneno sikuyaacha. Nilisoma kila kitu chenye maandishi: matangazo kwenye kuta za zahanati, makopo ya dawa za mifugo, kurasa za vitabu vya shule ambazo wauza karanga hufungia karanga zao. Hivyo ndivyo nilivyojua ikweta, kapilari, lava, kingamwili, mawimbi ya sauti. Kwenye karatasi moja ya karanga palikuwa na chemsha bongo: mlango wa nchi ya wafu, katika hadithi za Wagiriki wa kale, ulilindwa na mnyama gani? Pembe yenye majibu ilikuwa imechanika. Niliuliza watu miaka, mpaka padri mmoja aliyepanda nasi mtumbwi akanijibu: mbwa, mwenye vichwa vitatu. Nilicheka sana. Nilifikiri Wagiriki walikosa kitu cha kuogopa.

Hilo lilikuwa kabla ya kisiwani.

Kisiwani nilimwona mtu mwenye kichaa cha mbwa. Alikuwa mwanika dagaa kama mimi, mcheshi, aliyeng'atwa na mbwa wa kambini zamani kidogo, akasahau. Asubuhi moja alisema mkono unamwasha mahali palipokuwa na kovu. Siku iliyofuata hakutaka chai. Tulimpa maji, akayataka kwa macho, akanyoosha mkono, na kikombe kilipokaribia mdomo koo lake likajikaza kama kamba inayofungwa fundo, akakitupa. Baadaye hata upepo wa ziwani ulimfanya ashtuke. Tulikuwa tumezungukwa na maji pande zote, na yeye alikuwa anakufa kwa kiu akiyakimbia. Akili yake ilikuwepo. Alituomba radhi kwa kumwaga maji. Walimpeleka bara kwa boti akiwa amefunikwa blanketi kichwani asilione ziwa, na hakurudi.

Ndiyo maana nilijua ninachokiogopa. Watu wengi huogopa jina tu.

Sasa nieleze nilivyoumwa mimi.

Nilikuwa nimepita Nshamba kumsalimia shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Ana kibanja chake cha migomba na kahawa, nyumba ya matofali, na kuku ambao huwasema kama watu. Nilifika mchana. "Nyegera, waitu," aliniambia, karibu, na kabla sijakaa alishanipa kisu nikaondoe majani makavu ya migomba, maana kwake mgeni ni mtu ambaye hajapewa kazi bado. Nilikuwa nimeinama kwenye shina nikasikia kitu kinapita kwenye majani. Mbwa mwekundu, aliyekonda, mkia chini. Hakubweka. Nadhani hilo ndilo lililonishangaza zaidi: hakubweka hata kidogo. Alinishika kifundo cha mguu, akaachia, akashika tena.

Nilipiga kelele. Shangazi akaja na mpini wa jembe, akampiga mgongoni. Mbwa akageuka, akarukia mkono wake, jino likapita juu ya kiganja karibu na mahali pa kuvalia saa, kisha akakimbilia bondeni kupitia kwa jirani. Yote yalikwisha kabla mpini haujaanguka chini.

Kama tungekuwa watu wa mahali pengine, labda tungeosha vidonda kwa sabuni na maji mengi, kama lilivyosema tangazo nililowahi kulisoma ukutani. Lakini shangazi ana jiwe. Ni jiwe jeusi, jepesi, dogo kama sabuni iliyokwisha, ambalo marehemu mume wake, katekista, alilipata misheni zamani. Ni jiwe la nyoka. Nyoka akikuuma, wanakuchanja kidogo kwa wembe, damu ikitoka wanalibandika, linang'ang'ania lenyewe, na likishanyonya sumu linaanguka. Kisha unalichemsha, unalilaza kwenye maziwa, unalikausha, linangoja nyoka mwingine. Kijiji kizima huja kuliazima. Nimeona kwa macho yangu watu waliolia kwa maumivu wakiinuka na kwenda zao.

"Lile ni la nyoka, shangazi," nilisema, nikiwa nimekaa chini nashika mguu.

"Sumu ni sumu. Wewe unafikiri jiwe litauliza aliyeuma alikuwa na miguu mingapi?"

Akalibandika. Likashika. Nilihisi linavuta, na nakiri kwamba moyo wangu ulitulia. Liliposhiba likaanguka kwenye majani, shangazi akaliosha, akalibandika kwenye mkono wake, likashika, likaanguka. Akatia sufuria jikoni kulichemsha, akaniambia nimalizie ile migomba.

Kesho yake vijana wa senta, pale madukani, walimuua yule mbwa. Alikuwa amemuuma mbuzi wa jirani, akajaribu kuingia dukani, mate yanaruka. Walimtupa shimoni wakamfukia. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Niliposikia neno lile, mate, niliacha kazi. Nilimkumbuka yule mwenzangu wa kisiwani na blanketi lake.

"Shangazi, twende zahanati."

"Kufanya nini? Jiwe limeanguka."

"Hii siyo sumu. Ni virusi. Haikai kwenye damu ikasubiri kunyonywa. Inaingia kwenye mshipa wa fahamu, inapanda polepole mpaka kwenye ubongo."

"Nani kakuambia? Karatasi ya karanga?"

Kweli ilikuwa karatasi ya karanga.

Nilikwenda peke yangu. Zahanati hawakuwa na chanjo siku hiyo, wakaniandikia niende Bukoba. Hospitalini nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya chini, aliniosha kidonda kwa sabuni muda mrefu mpaka nikafikiri amenisahau, akanichoma sindano begani, na nyingine kuzunguka kidonda penyewe, ambayo sitaisahau. Alinipa kadi ya tarehe za kurudi. Kisha akauliza kama kuna mwingine aliyeumwa.

"Shangazi yangu. Mkwaruzo mkononi."

"Mlete."

"Anasema jiwe la nyoka limemtosha."

Hakucheka. Nilitaka acheke. Alisema, "Mkono uko karibu na kichwa kuliko mguu," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sentensi hiyo ilinikaa. Mimi nimetembea barabara nyingi na huwaza kila kitu kwa barabara. Niliona mwili wangu kama ramani ya mkoa: kifundo cha mguu ni Kimwani kule kusini, ubongo ni Bukoba mjini, na kitu kisichoonekana kinatembea kwa mguu kuja kaskazini, hakipumziki, hakina haraka. Chanjo ni askari waliotumwa wakafunge barabara kabla hakijafika. Kwa shangazi, safari ilikuwa imeanzia Kemondo, karibu kabisa na mji, na hakuna aliyefunga barabara.

Kwa hiyo nikapanga chumba Kitendaguro, mimi nisiyepanga, ili niwe karibu na sindano. Na kila nilipopata nafasi nilirudi Nshamba kumbembeleza shangazi. Nilikwenda na hoja mpya kila mara. Mara moja nilikwenda na kapilari.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi za mchana. Nilimwomba jiwe. Nikamweleza kwamba lina vitundu vyembamba sana visivyoonekana, na vitundu vya namna hiyo hunyonya kitu cha majimaji vyenyewe, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Likigusa unyevu wowote linashika, likijaa linaachia. Halijui sumu wala damu. "Nitakuonyesha," nikasema. "Nitaliweka mahali pasipo na sumu yoyote." Nikatoa ulimi, nikaliweka juu. Likang'ang'ania. Nikabaki nimefungua mdomo, naonyesha kwa kidole.

Shangazi alilitazama kwa makini, kisu mkononi.

"Enhe," alisema. "Hapo ndipo lingeanzia. Pana sumu ya miaka."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa nyuma ya mkono, mkono uleule. Nilicheka pia, vibaya, jiwe likiwa bado limeshika. Lilipoanguka alisema litahitaji maziwa mengi safari hii.

Nilimuuliza pia, siku nyingine, kama wazee walikuwa na habari yoyote ya Mugasha na mbwa. Mugasha ndiye mwenye ziwa katika hadithi zetu, mwenye upepo na mvua na radi, na nilitaka kujua kama aliwahi kumnyima mtu maji. Shangazi ni Mkatoliki wa rozari kila jioni lakini hadithi anazijua. Alifikiri. "Hakuna," akasema. "Mugasha akikukasirikia anakupa maji mengi, si machache." Kisha akanitazama. "Kwa nini unauliza mambo ya kutisha hivi, mwana wange? Unaumwa?"

"Naogopa."

"Wewe umechanjwa."

"Nakuogopea wewe."

Akaendelea kumenya ndizi. Ganda lilitoka refu, bila kukatika, na mimi nilikuwa naangalia mkono wake tu. Pale palipokwaruzwa palibaki mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko ngozi. Mstari wenyewe haukufikia hata urefu wa kiberiti.

Kisha mbuzi wa jirani akabadilika.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa natoka barabarani kuingia kibanjani, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya michai, sauti ya mzee aliyepaliwa. Alikuwa ni yule mbuzi. Amefungwa kwenye mti wa kahawa, anajaribu kulia na sauti haitoki, anakwaruza tu, anasukuma kichwa kwenye shina mpaka magome yanabanduka, na povu limeshuka mpaka kifuani. Jirani alisimama mbali na kamba mkononi. Alisema anafikiria kumchinja kabla hajakonda.

"Usimguse," nilimwambia. "Mpigie bwana mifugo."

"Amekula kitu kibaya tu."

"Ameumwa na mbwa yule. Yuleyule."

Jirani alinitazama mguu, kisha akatazama nyumba ya shangazi. Nadhani ndipo na yeye alipohesabu. Alitoa simu mfukoni, akaita. Bwana mifugo alikuja mchana huohuo na pikipiki, amevaa glavu ndefu, akaamuru mbuzi auawe na kufukiwa kina kirefu na hata nyama isiguswe. Aliuliza ni nani mwingine aliyeumwa. Shangazi alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono amefunga nyuma ya kanga, kama mwanafunzi anayeficha kitu. Alijibu kwamba mtoto wa kaka yake ameshachanjwa, asante Mungu.

Bwana mifugo aliondoka. Sisi tukakaa. Shangazi alileta chai. Alimimina yangu, akamimina yake, akaiweka chini, na kwa mkono wa kushoto akaanza kujikuna ule mstari wa mkono wa kulia. Alikuna polepole, macho yako kwenye moshi wa jiko.

"Panawasha?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Kidogo. Tangu juzi. Itakuwa viwavi wa kwenye kahawa."

Nimewahi kuwa kwenye mtumbwi uliogeuzwa na dhoruba usiku, nikashikilia dumu mpaka kulipokucha. Sikuogopa hivyo. Yule wa kisiwani naye alianza kwa kuwashwa. Nilitaka kumwambia na sikuweza, kwa sababu ukimwambia mtu hivyo na ikawa kweli, umemwambia tu saa yake ya kufa. Hakuna dawa ikishafika. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma, na nilitamani kwa mara ya kwanza maishani niwe sijui kusoma.

"Kunywa chai," nikasema.

"Ya moto."

"Kunywa kidogo."

"We mtoto, ya moto. Unataka niungue?"

Nilitoa kadi yangu mfukoni. Kesho yake ilikuwa tarehe yangu ya kurudi. Niliiweka kwenye mkeka mbele yake, nikaweka na jiwe juu yake.

"Sitakwenda kesho," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kama jiwe linatosha kwako, linatosha kwangu. Tuliumwa na mbwa mmoja, tukabandikwa jiwe moja. Nitakaa hapa hapa tungoje wote wawili."

"Usicheze na mambo hayo."

"Sichezi."

Naye aliona kwamba sichezi. Sikuwa napanga ujanja. Nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu, na kama angekufa kwa njia ile sikuona faida ya kubaki na askari wangu mwilini. Shangazi alinitazama kwa muda, akatazama kadi, akatazama kule kwa jirani ambako walikuwa bado wanapiga udongo kwa majembe. Alipoongea, aliongea kwa Kihaya, kama anavyofanya akiwa amekasirika sana au anaogopa sana, na sitaitafsiri yote. Alisema mume wake aliwaponya watu wengi kwa jiwe hili. Alisema akienda hospitali itakuwa kama kusema alikuwa mwongo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote nilikuwa nabishana na jiwe, naye alikuwa anamtetea mtu.

"Yeye alikuwa analitumia kwa nini?" nikamuuliza.

"Nyoka."

"Aliwahi kulibandika kwa mbwa?"

Akalichukua jiwe kutoka juu ya kadi, akalifuta kwa kanga ingawa lilikuwa safi, akaenda kuliweka kwenye kikopo chake chumbani. Aliporudi alikuwa amebeba viatu vya kanisani.

"Hakuwahi," alisema. "Mimi ndiye niliyelibandika."

Safari ya kwenda Bukoba kesho yake ndiyo ndefu kuliko zote nilizosafiri, nami nimesafiri. Nilimnunulia chupa ya maji kituoni Muleba. Hakuigusa. Nilimfungulia kizibo. Alikishika kizibo mkononi, chupa akaiacha magotini. Tulipita Kemondo, ziwa likaonekana lote upande wa kulia, na mimi sikulitazama ziwa, nilitazama koo la shangazi. Alikuwa amegeuza uso, anatazama upande wa migomba.

"Kunywa maji, shangazi."

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

"Sitaki tu."

"Koo linauma? Likoje?"

"Limechoka na maswali yako."

"Angalia ziwa lilivyo leo."

"Nimeliona tangu nizaliwe." Na hakugeuka.

Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho kiasi kwamba nauli niliyoishika ililainika. Nilianza kufikiri nitampa nani taarifa, nani atakwenda kuwalisha kuku. Nilimwona akiwa na blanketi kichwani. Niliona ndugu wakija kumsalimia na kuleta maji.

Hospitalini yule nesi alikuwepo. Alimwosha mkono ingawa kidonda kilishafunga zamani, akasema wengi huja wakiwa wamechelewa na bado wanachomwa, kwa sababu mbio hazijaisha mpaka ziishe. Akamchoma. Shangazi alifumba macho, midomo inasema rozari. Nilimuuliza nesi pembeni kuhusu kuwashwa. Alisema kovu linalopona huwasha, viwavi huwasha, na ile nyingine nayo huwasha, na yeye hana kioo cha kuona ndani ya mshipa. "Tutangoja," alisema. Alisema *tutangoja*, yeye na sisi. Nilimpenda kwa hilo.

Tulipotoka nje, shangazi alikaa kwenye benchi chini ya upenu, akavua kiatu kimoja, akaniambia, "Ile chupa iko wapi?"

Nilimpa. Alikunywa karibu yote, bila kupumzika, maji yakimtiririka kidevuni. Nilisimama pale kama mjinga natazama koo lake linavyopanda na kushuka.

"Mbona ulikataa njia nzima?"

"Mwana wange," alisema, akijifuta, "mwanamke wa umri wangu hanywi maji kwenye gari. Ungemwambia dereva asimame wapi, kwenye migomba ya watu?"

"Na ziwa? Ulikataa kulitazama."

"Jua lilikuwa linanipiga machoni." Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka. Alinishika mkono kwa mkono wake wenye mstari. "Ulifikiri nini, wewe?"

Alikuwa anajua.

Kuwashwa kuliisha baadaye, au aliacha kuniambia. Alimaliza sindano zake zote, nami zangu, nikaachia chumba cha Kitendaguro. Mwenye nyumba alinipa kikombe cha bati niondoke nacho, akasema hakuna mpangaji mwingine atakayekitaka. Nilirudi visiwani. Lakini nilikuwa nimeuliza swali moja zaidi, kama kawaida yangu: kipindi cha kuatamia, yaani muda virusi vinaokaa mwilini kabla ya ugonjwa kuonekana, ni kirefu kiasi gani? Nesi alisema mara nyingi ni wiki au miezi, na kwa watu wachache hupita mwaka. Kuku wa shangazi wanajua mayai yao yataanguliwa lini. Hili halina siku yake. Sikumwambia shangazi. Nilimwambia tu kwamba kila asubuhi nitampigia, naye anywe maji nikimsikia.

Kisiwani mtandao hupatikana juu ya jiwe moja kubwa upande wa mashariki, ambako ndege wamepaka chokaa yao. Kila asubuhi nilipanda na kikombe changu. Salamu zetu zikawa fupi.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa. Wewe?"

"Nimekunywa."

"Haya. Kuku mmoja amepotea."

Asubuhi moja hakupokea. Niliita tena. Niliita mpaka simu ikaanza kuniambia anayepigiwa hapatikani. Ziwa lilikuwa na mawimbi makubwa, boti ya kwenda bara ilikuwa haijaondoka na mwenye boti alisema labda mchana, labda kesho, inategemea upepo. Nilibaki juu ya jiwe. Nilijaribu kukumbuka jina la jirani, namba ya mtu yeyote wa senta. Nilijaribu kukumbuka kama jana sauti yake ilikuwa ya kawaida au ilikwaruza. Niliamua ilikwaruza. Nilitazama kikombe changu na nikagundua sijanywa, na kwamba siwezi kunywa, koo limekaza kabisa, na kwa muda sikujua ni hofu au ni yenyewe imefika.

Jua lilikuwa limepanda simu ilipolia.

"Simu ilikuwa dukani inachajiwa," shangazi alisema. "Nimekuta umeita kama mtu anayeunguliwa nyumba. Na mbona unahema?"

"Umekunywa?"

"Nimekunywa rubisi kwa jirani, walikamua ndizi jana. Inahesabika?"

"Haihesabiki. Nataka maji."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Usikate."

Nilimsikia akitembea, ndala zikipiga sakafu. Nikasikia kifuniko cha mtungi, kata ikizama, matone. Kisha akanywa, simu ikiwa karibu na shingo yake, nikasikia funda likipita, na jingine.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, na wewe. Nakungoja."

Niliinua kikombe cha bati. Upepo wa ziwa ulinipiga usoni, koo likasita. Nikanywa. Yalipita.

"Nimekunywa, shangazi."

"Kunywa tena," alisema. "Hiyo sikuisikia vizuri."